Fununu za Gavana na Karatasi Zilizokuwa Mezani

Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2008, gazeti la Chicago Tribune liliandika kwamba wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani wananasa mazungumzo ya gavana wa Illinois, Rod Blagojevich. Kabla siku hiyo haijaisha, kwa mujibu wa kiapo cha FBI kilichofikishwa mahakamani baadaye, gavana alimwagiza mchangishaji wake wa fedha auvunje mpango wa kukutana na mtu aliyehusika na mazungumzo ya kiti cha useneta kilichoachwa wazi na Barack Obama. Jumanne iliyofuata, alfajiri, FBI walimkamata nyumbani kwake Chicago.

Siku hizo nne zinatosha kuonyesha fununu hufanya nini ndani ya uchunguzi. Humfikia mshukiwa kwa kasi ileile inayomfikia mwananchi, naye hubadili mwenendo papo hapo. Wapelelezi walikuwa wakifuatilia kama maneno ya kwenye simu yatageuka kuwa matendo. Habari ilipotoka, matendo yakasita, wakabaki na maneno. Katika kesi ya kwanza, mwaka 2010, mawakili wa gavana waliegemea hapohapo: mteja wao alisema mengi lakini hakuchukua hata senti. Wanajopo, yaani raia wanaoamua kesi mahakamani, walikubaliana juu ya shtaka 1 tu kati ya 24, lile la kuwadanganya FBI, na yale 23 yakawashinda. Ilibidi kesi ianze upya mwaka 2011 ndipo akapatikana na hatia katika mashtaka 17 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 14.

Gazeti silaumu. Mwendesha mashtaka, Patrick Fitzgerald, alisema mwenyewe kwamba ofisi yake iliwahi kuwaomba wahariri wachelewe kuchapa baadhi ya habari, nao walikubali kwa muda. Jambo linaloniuma ni miaka mitatu iliyotangulia. Tangu 2005 Illinois nzima ilikuwa ikiulizana swali moja: je, gavana atashtakiwa, na lini? Swali hilo lilimeza maswali mengine yote. Yale mengine yalikuwa na majibu, na majibu yalikuwa kwenye karatasi zilizoweza kusomwa na yeyote mwenye subira.

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa sababu fununu nyingi hutokana na kutoujua. Marekani imegawanywa katika wilaya 94 za mahakama za shirikisho. Mwendesha mashtaka wa wilaya hawezi kumfungulia gavana kesi kubwa ya jinai kwa uamuzi wake peke yake. Lazima apitie jopo kuu, yaani raia wa kawaida kati ya 16 na 23 wanaosikiliza ushahidi faraghani. Hakuna hakimu chumbani wakati wa kuhoji shahidi, na wakili wa shahidi hukaa nje mlangoni. Wanajopo 12 wakikubali kwamba kuna sababu za kutosha, hati ya mashtaka hutoka. Jopo la kawaida hudumu miezi 18, muda unaweza kuongezwa, na uchunguzi usiokamilika unaweza kuhamishiwa jopo jingine. Makosa mengi ya aina hii yana ukomo wa miaka 5 tangu kutendeka kwake. Kwa hiyo anayesema "mwaka umepita kimya, basi yameisha" hajapiga hesabu.

Usiri wa jopo kuu una mipaka ambayo ni muhimu kuielewa. Unawafunga waendesha mashtaka, wapelelezi, makarani na wanajopo. Haumfungi shahidi. Mtu aliyehojiwa asubuhi anaweza kumsimulia mwandishi wa habari mchana kila alichoulizwa, bila kuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo gazeti linapotaja "chanzo kilicho karibu na uchunguzi", mara nyingi anayesema ni shahidi au wakili wa upande wa utetezi, na kila mmoja wao ana lake. Wakili wa mtu mdogo hupenda dunia ijue kwamba anayesakwa ni mkubwa. Wakili wa mkubwa hupenda isikike kwamba mteja wake "si mlengwa".

Neno hilo la mwisho limewapotosha wengi. Mwongozo wa Wizara ya Sheria ya Marekani unatofautisha makundi. Mlengwa ni yule ambaye mwendesha mashtaka ana ushahidi mzito wa kumhusisha na kosa na anamwona kuwa mshtakiwa mtarajiwa. Mhusika ni yule ambaye mwenendo wake umo ndani ya eneo la uchunguzi. Kundi la tatu ni mashahidi tu. Mtu anaweza kuwa mhusika Januari na mlengwa Machi, kwa sababu tu rafiki yake amekubali kuzungumza Februari. Kauli ya wakili kwamba mteja wake si mlengwa ni ya kweli siku inapotamkwa, na haidai zaidi ya hapo. Nao waendesha mashtaka wana desturi ya kutothibitisha wala kukanusha. Ukimya wao ni utaratibu wa kazi, na hauna habari yoyote ndani yake, nzuri wala mbaya.

Je, kuna alama zozote za kuaminika kwa aliye nje? Zipo, na nzito kuliko zote ni hati ya wito wa nyaraka. Hii huorodhesha faili, majina na tarehe zinazotakiwa. Ukiisoma kwa makini unajua uchunguzi unatazama wapi. Hati ikipelekwa kwa idara ya serikali ya jimbo, nakala iliyobaki idarani ni nyaraka ya umma. Serikali ya Blagojevich ilikataa kuzitoa nakala hizo, ikidai usiri wa jopo kuu. Shirika la Better Government Association likashtaki, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Illinois ikaamua kwamba usiri ule haumfungi aliyepokea hati, kwa hiyo umma una haki ya kuiona. Natamani uamuzi huo ungejulikana kama linavyojulikana jina la gavana aliyeushindwa.

Alama ya pili ni makubaliano ya kukiri kosa ya watu wa chini. Katika hati hizo, ambaye hajashtakiwa hatajwi kwa jina, anapewa herufi. Mwaka 2005 mchangishaji mmoja wa fedha za chama alikiri kosa, na katika hati zake akatokea "Afisa wa Umma A", kiongozi wa ngazi ya juu ambaye watu wake walidaiwa kufungamanisha kazi za mfuko wa pensheni wa walimu na michango ya kampeni. Kila mtu Springfield, mji mkuu wa jimbo, alijua A ni nani. Stuart Levine, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya mfuko huo, alishtakiwa kisha akakiri na kuwa shahidi. Tony Rezko, mchangishaji na mshauri wa karibu wa gavana, alishtakiwa Oktoba 2006 na Juni 2008 akapatikana na hatia katika mashtaka 16 kati ya 24. Katika hati za namna hii tazama pia tarehe ya kusomewa adhabu. Mtu aliyekiri kosa, lakini adhabu yake inaahirishwa tena na tena, mara nyingi hajamaliza kutoa ushahidi.

Alama ya tatu ni taarifa za fedha za kampeni. Huko huonekana malipo kwa makampuni ya mawakili, na huko huonekana michango yenyewe. Hapa ndipo Illinois ilipokuwa na hazina iliyokaa wazi. Jimbo hilo wakati huo halikuwa na kikomo cha mchango wa kampeni. Aprili 2008 waandishi wa Tribune walikaa na taarifa hizo na kuhesabu hundi 235 za dola 25,000 kamili zilizoingia kwenye mfuko wa gavana. Takriban hundi tatu kati ya kila nne zilitoka kwa watu au makampuni yaliyopata kitu serikalini: zabuni, uteuzi kwenye bodi, au uamuzi wa kuwapendelea. Hakuna simu iliyonaswa, hakuna jasusi. Ni karani mvumilivu na jedwali.

Tena kulikuwa na sheria. Septemba 2008 bunge la jimbo lilipitisha kwa nguvu, juu ya kura ya turufu ya gavana, sheria ya kuwazuia wenye zabuni za zaidi ya dola 50,000 kumchangia kiongozi anayetoa zabuni hizo. Ingeanza tarehe 1 Januari 2009. Soma kiapo cha FBI, kurasa 76, ukiwa na tarehe hiyo kichwani, na haraka iliyomo inajieleza. Gavana alitaka kukusanya dola milioni 2.5 kabla ya mwaka kuisha. Hospitali ya watoto ya Chicago ilikuwa imeahidiwa nyongeza ya dola milioni 8, na kiapo kinadai kwamba mkuu wake alitakiwa mchango wa dola 50,000. Mradi wa barabara za kulipia wa dola bilioni 1.8 ulitajwa sambamba na matarajio ya mkandarasi kuchangisha 500,000. Kiti cha useneta ndicho kilichotangazwa ulimwenguni kote, lakini ugonjwa wa kila siku ulikuwa huo wa hospitali na barabara, nao ulikuwa umeacha alama kwenye taarifa za umma kwa miaka.

Yaani wapiga kura wa 2006 hawakukosa dalili. Walimrudisha Blagojevich madarakani kwa kura pungufu kidogo ya nusu, katika kinyang'anyiro cha wagombea watatu. Wengi walijipa jibu ambalo nimelisikia katika kila kashfa ya gavana tangu hapo: kama kweli amefanya, FBI wangekwisha kumchukua. Huko ni kukabidhi kura yako kwa ratiba ya mtu mwingine. Na Illinois haikuwa na udhuru, maana ilikuwa imetoka kulipitia jambo hilohilo. George Ryan, aliyemtangulia, alichaguliwa Novemba 1998 wakati uchunguzi wa leseni za udereva zilizouzwa kwa rushwa katika ofisi aliyoiongoza kabla ya hapo umeshaanza. Mmoja wa waliopata leseni kwa njia hiyo aliendesha lori lililohusika katika ajali ya mwaka 1994 karibu na Milwaukee, watoto sita wa familia moja wakafa. Ryan alitawala muhula mzima na kushtakiwa Desemba 2003, akiwa ameshaondoka ofisini. Blagojevich mwenyewe aliingia kwa kuahidi kusafisha uchafu huo.

Upande wa pili wa kungojea FBI ni kumhukumu mtu kwa sababu FBI wamemgusa. Tarehe 3 Desemba 2008, siku sita kabla ya Chicago, gavana wa New Mexico, Bill Richardson, alitangazwa kuwa waziri mteule wa biashara wa Obama. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Januari 2009, alijiondoa. Jopo kuu la Albuquerque lilikuwa likiangalia kampuni ya CDR Financial Products, iliyochangia vikundi vyake vya kisiasa na kulipwa karibu dola milioni 1.5 na mamlaka ya fedha ya jimbo. Agosti 2009 uchunguzi ulifungwa bila mashtaka. Nafasi ya uwaziri ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine.

Wafuasi wake walisema amesafishwa. Lakini barua ya mwendesha mashtaka kwa mawakili haikusema hivyo. Ilieleza kwamba kutoshtaki kusitafsiriwe kuwa kumtakasa yeyote, na ikadai kwamba mchakato wa zabuni uliharibiwa kwa shinikizo la ofisi ya gavana. Hapo umma uliachwa pabaya: mtu hana kesi ya kujitetea, na tuhuma imeandikwa kwenye barua isiyoweza kukatiwa rufaa. Naona barua ile ilimkosea Richardson, na iliwakosea wakazi wa New Mexico zaidi, kwa kuwa waliambiwa zabuni yao iliharibiwa bila kuonyeshwa ushahidi. Dawa ya hapo ingekuwa ukaguzi wa jimbo lenyewe, uliofanywa hadharani, zabuni hiyo ikifunguliwa ukurasa kwa ukurasa.

Kwa nini waendesha mashtaka huacha? Mara nyingi kwa sababu sheria ya jinai ni nyembamba kuliko hasira yetu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliibana sheria ya kunyima umma huduma ya uaminifu ihusu rushwa na mgawo wa siri peke yake. Kisha ikaja kesi ya Bob McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia. Yeye na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara wa virutubisho: saa ya Rolex, nguo, dola 15,000 za chakula cha harusi ya binti. Virginia wakati huo haikuwa na kikomo cha zawadi. Alishtakiwa Januari 2014, siku kumi baada ya kukabidhi ofisi, akapatikana na hatia Septemba. Juni 2016 majaji wote wanane wakaifuta hukumu. Walisema kupanga mkutano, kumpigia mtu simu au kuandaa hafla, peke yake, si tendo rasmi la kiserikali linaloweza kununuliwa kwa maana ya sheria ile. Jaji Mkuu Roberts aliandika kwamba mambo hayo yanachukiza, lakini mahakama haihukumu saa za Rolex. Serikali ikaiacha kesi.

Mwaka 2020 hukumu za wasaidizi wa Chris Christie, aliyekuwa gavana wa New Jersey, waliofunga njia za magari kwenye daraja la George Washington mwaka 2013 kumkomoa meya, zilifutwa kwa kauli moja. Kulikuwa na matumizi mabaya ya mamlaka, mahakama ikasema, lakini lengo halikuwa kupata fedha au mali. Na Juni 2024, kwa kura 6 dhidi ya 3, mahakama iliamua kwamba sheria ya shirikisho inayohusu hongo kwa maafisa wa majimbo na miji haigusi zawadi ya shukrani inayotolewa baada ya kazi kufanyika bila mapatano ya awali. Msomaji wa Tanzania anaijua hoja hii kwa jina lake: takrima. Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ilivifuta vifungu vya takrima kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2006, kwa kuona kwamba mwenye nacho anapata kisichopatikana na asiye nacho. Washington imeelekea kwingine: imewaachia majimbo yaamue yenyewe asante ipi ni halali.

Kwa hiyo "hakushtakiwa" na "alishinda rufaa" ni majibu ya swali la mwanasheria: je, tendo hili limeingia ndani ya kifungu hiki? Swali la mwananchi ni pana zaidi, yaani ofisi yetu ilitoa nini, kwa nani, na kwa kigezo kipi? Lisemwalo lipo, wahenga walisema, lakini mahali lilipo ni kwenye faili la zabuni, na faili hilo halihitaji jopo kuu kufunguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa Kenya hushangazwa nalo. Kule, tangu uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi wa 2019 katika kesi ya gavana wa Samburu, gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi anaweza kuzuiwa na mahakama asikanyage ofisini mpaka kesi iishe. Marekani mashtaka ya shirikisho hayamwondolei gavana hata kalamu. Blagojevich alipata dhamana siku ileile aliyokamatwa, akarudi kazini, na tarehe 30 Desemba akamteua Roland Burris kwenye kiti kilekile alichodaiwa kukiuza. Burris aliapishwa. Aliyeweza kumtoa alikuwa bunge la jimbo, nalo halikuhitaji kiwango cha ushahidi wa jinai.

Baraza la chini lilipitisha mashtaka ya kumwondoa kwa kura 114 dhidi ya 1, tarehe 9 Januari 2009. Seneti ikamwondoa tarehe 29 kwa kura 59 kwa 0. Hati ya bunge inastahili kusomwa kuliko kanda za simu. Mle ndani, pamoja na kiti cha useneta, yamo mambo ambayo hayakuhitaji FBI hata kidogo: chanjo za mafua za dola milioni 2.6 zilizoagizwa Ulaya mwaka 2004 na kamwe zisiruhusiwe kuingia nchini, mpango wa kununua dawa nje ambao mkaguzi mkuu wa jimbo alishaukosoa mwaka 2006, na programu ya afya iliyopanuliwa kinyume cha kamati ya bunge iliyoikataa. Wabunge walikuwa na hayo kwenye makabati yao kwa zaidi ya mwaka, mengine kwa miaka miwili au zaidi. Waliyatoa mwezi mmoja baada ya pingu.

Spika wa baraza hilo la chini alikuwa Michael Madigan. Julai 2020 kampuni ya umeme ya ComEd ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200, na kwenye hati zake akatokea tena "Afisa wa Umma A", safari hii akielezwa kuwa spika wa Illinois. Hakuwa ameshtakiwa. Madigan alikana kosa lolote, fununu zikaanza mwendo wake wa kawaida, na swali likawa lilelile: lini? Lakini wabunge 19 wa chama chake mwenyewe waliisoma hati, wakatangaza kwamba hawatampigia kura, na Januari 2021 kiti cha uspika kikachukuliwa na Emanuel "Chris" Welch. Hati ya mashtaka dhidi ya Madigan ilitoka Machi 2022, miezi 14 baadaye.